Usiku wa Michezo Mifupi Bagamoyo kwa Shilingi 3,000

Katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo kuna kundi la vijana, wengi wao wakiwa wamesomea sanaa hapa hapa mjini, ambao hukodi ua wa nyumba ya zamani na kuonyesha michezo mifupi ya kuigiza kwa kiingilio cha shilingi 3,000, na shilingi 1,000 kwa mwanafunzi. Nilihudhuria onyesho lao la hivi karibuni, lililokuwa na michezo mitano ambayo hakuna hata mmoja uliozidi robo saa. Tiketi ilikuwa kipande cha karatasi kilichopigwa mhuri, viti vilikuwa vya plastiki vya kukodi, vile vile tunavyovikalia arusini na matangani, na onyesho lilipangwa kuanza baada ya sala ya isha ili asiwepo wa kusimama katikati ya mchezo kwenda msikitini. Wakati narejea nyumbani nilijikuta nikiifikiria ile shilingi 3,000 zaidi ya nilivyoufikiria mchezo wowote kati ya ile mitano, kwa kuwa ninaamini fedha hiyo ilifanya kazi kubwa jukwaani kuliko taa na maleba.

Bagamoyo haina upungufu wa maigizo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, na tangu mwaka 2007 kimekuwa wakala wa serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wengi wetu tunaiita TaSUBa; tamasha lake la kila mwaka lilianza mwaka 1982 na huleta wasanii kutoka pande nyingi za nchi na nje yake. Mtoto aliyekulia Dunda au Magomeni anaweza kufikisha umri wa kuoa akiwa ameona ngoma, sarakasi na maigizo mengi kuliko mtu wa Dar es Salaam aliyemzidi umri mara mbili. Hata hivyo, ukimwuliza mtoto huyo ni mara ngapi yeye au wazazi wake walitoa fedha mfukoni ili kutazama mchezo wa kuigiza, na mchezo wa kuigiza peke yake, huenda akahitaji muda wa kukumbuka.

Sababu yake inajulikana. Kwa miaka mingi mchezo wa kuigiza umetufikia bure, ukiwa umelipiwa na mtu mwingine. Gari lenye vipaza sauti hufika sokoni au katika kiwanja cha shule, bango lenye nembo za wafadhili hutundikwa nyuma ya waigizaji, kisha huja mume mlevi, mke mvumilivu, mganga wa uongo na muuguzi mwenye majibu yote. Kufikia dakika ya tatu hadhira inajua ni nani atakayeadhibiwa na ni nani atakayesifiwa. Mwisho wa igizo mshereheshaji huuliza, «Tumejifunza nini?», na watoto waliokaa mbele chini hujibu kwa pamoja, kwa kuwa wamekwisha kujifunza kwamba anayejibu vizuri hupewa fulana.

Sipendi kuyadharau maigizo hayo. Yamewalisha wasanii wengi wa mji huu katika miaka ambayo hapakuwa na kazi nyingine ya jukwaani, na yapo mambo ya afya ambayo watu waliyasikia hapo kabla ya kuyasikia zahanati. Isitoshe, asili ya kazi hiyo hapa nchini ni ya heshima kubwa. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walipokwenda Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hawakufika na ujumbe mfukoni. Walikaa na wanakijiji, wakawaachia wao wenyewe wataje lililokuwa likiwasumbua, na maigizo na ngoma vikajengwa kutokana na mazungumzo hayo. Kilichokuja baadaye katika sehemu nyingi ni kinyume chake, yaani ujumbe huandikwa ofisini kwanza, halafu msanii hutafutwa wa kuuvalisha nguo. Msanii aliyezoea kufanya kazi hivyo kwa miaka kumi huanza kuamini kwamba mchezo usio na funzo la kutamkwa haujakamilika, na hadhira nayo huzoea vivyo hivyo.

Ndiyo maana kiingilio kidogo nakipa uzito mkubwa. Mtu aliyelipa shilingi 3,000 hana deni la shukrani kwa yeyote. Anaweza kuchoka, kupiga mwayo, kunong'ona na jirani yake kwamba mchezo huu ni mbaya, na kumkabili mwandishi baada ya onyesho kumwambia hivyo hivyo. Mwigizaji naye anajua kwamba aliyekaa mbele yake hakuletwa na fulana wala soda. Kiasi hicho si kikubwa, kwa hiyo hakimfungii nje fundi cherehani wala muuza samaki, lakini kinatosha kumfanya adai kitu. Ningeogopa onyesho la bure zaidi ya onyesho la shilingi 20,000, kwa sababu katika la bure siku zote kuna mtu aliyelipa ambaye hayumo miongoni mwa watazamaji, na mwisho wa mchezo humwangalia yeye.

Nianze na mchezo uliokuwa bora kwa mbali. Watu watatu, ndugu wa baba na mama mmoja, wamekutana baada ya arobaini ya mama yao ili kugawana vitu vya ndani. Jukwaani kulikuwa na mkeka, sinia, birika la kahawa, kanga zilizokunjwa na cherehani moja ya kuzungusha kwa mkono. Dada mkubwa ndiye aliyemwuguza mama. Kaka wa kati alikuwa akituma fedha kutoka mjini na anakumbuka kila senti. Mdogo wao wa kike hakufika mazikoni, na hakuna anayemwuliza kwa nini. Wanagawana birika kwa adabu kubwa. Wanagawana sinia. Kila mmoja anamsukumia mwenzake kitu kwa maneno ya «chukua wewe, dada», «hapana, kaka, wewe ndiye uliyekinunua», na kadiri adabu inavyozidi ndivyo mtazamaji anavyohisi joto likipanda, kwa kuwa nyumba yenyewe waliyokaa ndani yake haitajwi hata mara moja. Katika pwani yetu hakuna asiyejua hesabu ya mirathi, ni fungu lipi la mwanamume na lipi la mwanamke, na mwandishi aliamini kwamba tunaijua, hivyo akainyamazia. Kaka alipokuwa akizihesabu kanga moja moja, nyuma yangu mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya chini, «Ataitaja sasa hivi.» Hakuitaja. Aliendelea kuhesabu.

Mchezo huo ungeishia hapo, ningesema nimeona kazi iliyokamilika. Lakini waigizaji waliinuka wote watatu, wakashikana mikono na kuimba wimbo wa dakika mbili kuhusu thamani ya undugu. Hapakuwa na mfadhili pale uani, wala hapakuwa na bango. Wimbo ulikuja kwa mazoea tu. Nilipozungumza na mwandishi baadaye, msichana wa miaka ishirini na kitu, aliniambia bila kuona haya, «Kaka, niliogopa watu wangeondoka wakiuliza mchezo umeisha au taa zimekatika.» Hofu yake ilikuwa na msingi, maana ndivyo ilivyotokea katika mchezo wa mwisho, ambao nitaufikia.

Mchezo wa konda ulichezwa na mtu mmoja. Alikuwa konda wa daladala ya Makumbusho na Bagamoyo, na pia alikuwa abiria wote: mama mwenye ndoo ya dagaa, mwanafunzi anayesukumwa mlangoni, mzee anayedai kwamba nauli ni ile ya mwaka uliopita, na kijana anayejifanya amelala ili asiombwe fedha. Hakuwa na kifaa chochote isipokuwa noti kadhaa alizozikunja kwa urefu katikati ya vidole, kama makonda wote wanavyofanya, na kwa noti hizo pekee tuliliona basi zima. Sanaa ya mtu mmoja anayebeba jukwaa ni ya zamani katika Kiswahili. Iko kwa mtambaji wa hadithi, na Ebrahim Hussein aliipa sura ya maandishi katika michezo yake mifupi miwili iliyochapwa pamoja mwaka 1976. Kijana huyu hakuwa na haja ya kumtaja mtu. Alikuwa na pumzi, na alikuwa na sikio la kunasa lafudhi.

Katikati ya mchezo wake mzee mmoja aliyevaa kanzu na kofia aliinuka, akapita mbele taratibu na kumtunza shilingi 2,000, kama tunavyomtunza mwimbaji wa taarabu. Kwa kawaida mwigizaji hutahayari hapo, kwani mchezo wa kuigiza hauna nafasi ya kutunzwa, na akipokea kwa tabasamu anakuwa ametoka nje ya uhusika. Konda wetu aliipokea noti, akaikunja kwa urefu, akaichomeka pamoja na nyingine na kuuliza, «Mpaka wapi, mzee wangu?» Mzee, naye hakuwa wa kushindwa, akajibu, «Mwisho wa gari.» Konda akatoa mfukoni sarafu mbili, akamrudishia chenji na kumwonyesha kiti kwa kidole. Ua mzima ulilipuka kwa kicheko, na mzee akarudi kuketi huku akizihesabu zile sarafu kwa umakini wa abiria wa kweli. Hakuna mazoezi yanayoweza kupanga jambo kama hilo, na sidhani kama lingetokea katika ukumbi mkubwa ambamo kati ya kiti cha kwanza na jukwaa kuna hatua kumi za giza.

Mchezo wa tatu haukuwa na neno hata moja: wanaume wawili, ngoma moja na wavu usioonekana waliouvuta kutoka baharini kwa muda wote wa mchezo. Wavuvi waliokuwa wamesimama karibu na mlango, ambao nadhani waliingia kwa udadisi, walianza kwa kucheka, kisha wakaanza kusahihisha, «Mguu mbele! Usivute kwa mgongo!», na waigizaji wakabadilisha namna ya kusimama. Walikuwa sahihi kubadilisha. Kuhusu mchezo wa nne, uliozungumzia vijana na simu, nitasema tu kwamba ulikuwa na makelele mengi na kwamba mtu akipiga kelele kwa dakika kumi na mbili hatuwezi tena kujua ni wakati gani amekasirika.

Wa tano ulikuwa wa walinzi wawili wa usiku mbele ya duka. Mmoja anajua kwamba kesho mwenzake ataachishwa kazi, kwa kuwa yeye ndiye aliyepeleka maneno kwa tajiri. Mwenzake anamgawia mihogo ya kuchoma na kumsimulia habari za mtoto wake aliyefaulu darasa la saba. Mchezo ukaisha wakiwa bado wanakula. Taa ilizimwa, ikawashwa, waigizaji wakainama, na kwa kitambo hakuna aliyepiga makofi. Kisha mwanamume mmoja wa makamo akauliza kwa sauti, wala hakuwa akifanya mzaha, «Sasa fundisho lake ni nini?» Mshereheshaji, ambaye kabla ya hapo alikuwa amesema mengi kupita kiasi, safari hii alipata busara ya kunyamaza. Jibu lilitolewa na mama mmoja kutoka upande wa pili wa ua, «Fundisho unalo wewe, baba. Wewe ndiye uliyemwona anakula mihogo ya watu.» Ubishi ulioanza hapo uliendelea hadi nje, kwa muuza kahawa, ambako watu waligawanyika kati ya waliosema kwamba yule mlinzi alipaswa kukiri na waliosema kwamba njaa haina adabu. Nilisimama hapo mpaka kashata zikaisha. Katika maigizo ya bure sijawahi kuona ubishi wa namna hiyo, kwa sababu pale jibu sahihi hutolewa kabla watu hawajapata nafasi ya kukosana.

Wapo watakaosema kwamba usiku wa michezo mifupi, wa gharama ndogo, katika ua wa kukodi, ni mtindo wa kuigwa kutoka Ulaya. Ni kweli kwamba mfano unaotajwa sana ni wa Edinburgh, nchini Scotland, ambako mwaka 1947 vikundi vinane ambavyo havikualikwa katika tamasha kubwa la kimataifa vilikwenda hata hivyo, vikatafuta kumbi zao pembeni na kuonyesha michezo yao. Kutokana na ukaidi huo lilizaliwa tamasha la pembezoni ambalo leo lina maonyesho maelfu kila Agosti, na ambalo mpaka sasa halina kamati ya kuchagua nani acheze na nani asicheze. Kule New York nako, Ellen Stewart alianzisha mwaka 1961 jukwaa dogo la La MaMa katika chumba cha chini ya nyumba, akawapa nafasi waandishi ambao majumba makubwa yasingewafungulia mlango. Lakini mtu mzima aliyeishi Dar es Salaam katika miaka ya 1980 na 1990 hahitaji kupelekwa Scotland. Vikundi vya sanaa kama Muungano, na baadaye Tanzania One Theatre iliyoanzishwa mwaka 1992, vilikuwa vikijaza baa na kumbi za mitaani kwa maonyesho yaliyochanganya ngoma, sarakasi, vichekesho, igizo na taarabu kwa kiingilio kimoja. Igizo lilikuwa fupi kwa sababu taarabu ilikuwa ikisubiri. Watazamaji wa kawaida walilipa kwa hiari yao, wakarudi wiki iliyofuata, na wakamzomea aliyecheza vibaya. Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994 na maigizo yakahamia sebuleni, sehemu ya igizo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukosa watu. Kwa hiyo wanachofanya vijana hawa ni kurudisha kipande kimoja cha onyesho lile la zamani, wakakiondolea ngoma na taarabu ili tuone kama kinaweza kusimama peke yake.

Sasa tuhesabu fedha, kwa kuwa neno «gharama ndogo» linaweza kuficha dhuluma. Tuseme ua unachukua watu 80 na wote wamelipa kiingilio kamili: hiyo ni shilingi 240,000. Ondoa kodi ya ua, viti, taa na mafuta ya jenereta kwa ajili ya tahadhari ya umeme, ondoa gharama za kufuatilia vibali, kisha gawanya kinachobaki kwa waigizaji, waandishi, mpiga ngoma na wanaoshika taa. Kila mmoja anabaki na nauli na chakula cha siku, akibahatika. Wanaishi kwa kazi nyingine. Mmoja anafundisha ngoma watalii, mwingine anaendesha bajaji, na mazoezi hufanyika pale kila mmoja anapopata nafasi. Ufupi wa michezo umetokana na hali hiyo kwa kiasi kikubwa. Mchezo wa dakika kumi na tano wenye watu wawili na mkeka mmoja unaweza kufanyiwa mazoezi barazani, na mwigizaji akipata safari ya ghafla, mwingine hujifunza nafasi yake kwa siku chache. Ufupi huo pia unampa mwandishi ruhusa ya kujaribu, maana mchezo ukianguka, mtazamaji amepoteza dakika kumi na mbili tu za maisha yake na baada ya hapo anakuja mwingine. Mchezo wa simu uliniudhi, lakini haukuuharibu usiku wangu.

Ningependa kiingilio kipande hadi shilingi 5,000 kwa watu wazima wenye uwezo, na kwa mwanafunzi kibaki kilivyo. Wapo tuliokaa pale ambao tungetoa bila kunung'unika, hasa wale waliotoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 70, na ambao mafuta ya gari pekee yaliwagharimu mara kadhaa zaidi. Sitapenda kuona pengo hilo likizibwa na mfadhili mmoja mkubwa, hata akiwa na nia njema, kwa sababu nembo ikishatundikwa ukutani yule mlinzi wa mihogo itabidi aungame.

Yapo na mengine madogo. Taa ya pembeni iliyowaangaza walinzi ilikuwa nyeupe kupita kiasi, na bodaboda zilizopita barabarani zilimeza maneno ya watu wenye sauti ndogo, jambo ambalo lingepungua kama jukwaa lingehamishiwa upande wa ukuta wa nyuma. Mshereheshaji aeleze jina la mchezo, la mwandishi na la waigizaji, kisha aondoke. Kwa upande mwingine nawapongeza kwa kutokuwa na mgeni rasmi: onyesho lilianza saa mbili na nusu kama tiketi ilivyosema, hakuna aliyesomewa risala, na kufikia saa nne na robo mabajaji yalikuwa yamewasha injini nje.

Yule mwandishi wa mchezo wa mirathi ameniambia kwamba utarudiwa katika onyesho lijalo, na kwamba ndugu hao watatu wamebishana kwa siku kadhaa kuhusu wimbo wao. Kaka anataka ubaki, madada wanataka uondolewe. Nimemshauri aumalizie kwenye kanga. Hakuniahidi, nami nitalipa tena kiingilio ili nione ni nani aliyeshinda.